Ruracio Juu ya Udongo Mweusi

Jumanne, 7 Oktoba 2025

Nyumba imekwisha. Plasta, rangi ya maziwa, mabati ya buluu, choo cha kuflashi ndani kwa ndani. Leo nimesimama barabarani nikaitazama kama mpita njia. Mpita njia angesema mwenye nyumba hii ni mtu aliyefika. Hakuna aliyepita.

Imekaa tambarare, chini ya mji wa Embu ukielekea Mbeere, mahali pasipo hata jiwe la kujikwaa. Kaka yangu Njuki amebaki kule juu Kianjokoma, kwenye udongo mwekundu wa marehemu baba. Shamba lake limeinama kiasi kwamba kiazi kikikuponyoka unakifuata hadi mtoni. Mimi, Nyamu, niliuza sehemu yangu nikateremka. Hapa kiazi kikianguka, kinakaa.

Njuki alinionya. Alisema udongo huu mweusi unavimba mvua ikinyesha na unapasuka jua likiwaka, na nyumba iliyo juu yake hufuata mwendo. Nichimbe uondoke wote, nijaze udongo mgumu wa maramu na mawe, ndipo niweke msingi. Fundi Oscar akasema yale yale. Nikamuuliza Oscar kama amewahi kuona mtu akinunua shamba halafu analitupa. Tukajenga moja kwa moja, msingi wa kufika magotini.

Haraka ilitokana na Gatwiri, binti yetu. Kijana wake, Mwenda, ni mwalimu, na kwao ni Githongo kule Meru. Wazazi wake watakuja kwa ruracio, mazungumzo ya mahari, tarehe mosi Novemba. Njuki ametangaza kwamba shughuli ifanyike kwake kwa sababu ndiko boma la ukoo. Nimemjibu kwamba mbuzi wa Gatwiri watahesabiwa kwa babake Gatwiri.

Mke wangu Teresia aliuliza kama nimewahi kuona mvua ikinyesha hapa. Nikasema bado, kumekuwa na kiangazi tangu tuhamie. Akasema hilo ndilo analouliza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Oscar amechimba shimo la kunyonya maji ya choo. Kabla ya kulijaza mawe akamwaga mapipa ya maji ndani, akasema tuangalie yanashuka kwa kasi gani. Nikaleta kiti na chai. Mchana maji yalikuwa pale pale. Jioni yalikuwa pale pale, pamoja na chura.

Oscar alikuna kichwa. Mimi nilimpongeza. Shimo halivuji hata tone. Kule kwa Njuki ukimwaga maji yanapotea kabla hujageuka. Udongo mwekundu hauna uaminifu.

Oscar akasema kazi ya shimo hili ni kuvuja. Kama halivuji, tuchimbe mifereji mirefu isiyo na kina, tuweke mchanga na kokoto, maji yatawanyike pole pole. Mifereji hiyo ingepita pale ninapotaka maua. Nimekataa.

"Mzee, maji yatarudi kwa nyumba," akasema.

"Yatarudi kutafuta nini?"

Akakusanya mapipa yake. Mafundi wengi husoma mambo nusu.

Jumapili, 12 Oktoba

Gatwiri amepitia baada ya kanisa. Ni muuguzi mjini, mtoto mtulivu, hana neno na mtu. Amenieleza habari za babake Mwenda, Mzee Mutwiri. Ni mkulima wa kahawa. Akiingia boma la watu, kabla hajatazama nyumba huinama akachukua udongo, akausugua kwa vidole. Husema udongo wa mtu hauwezi kumdanganya mgeni.

Gatwiri alikuwa na maana kwamba labda twende kwa baba mkubwa, ambako udongo ni mzuri. Aliizunguka maana hiyo kwa heshima kubwa. Mimi sikuisikia sana. Nilikuwa nimeanza kufikiri.

Udongo hauwezi kumdanganya mgeni. Peke yake, hapana.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimepanda Kianjokoma na pikapu ya Oscar. Nikamwambia Njuki kwamba Teresia anataka udongo mwekundu kidogo wa bustani. Njuki, bila choyo, akasema nichukue. Nikachukua. Nikashusha, nikarudi, nikachukua tena. Nilipokuja mara nyingine alikuwa amesimama langoni. Akauliza bustani ya Teresia ina ukubwa gani. Nikasema Teresia ni mwanamke mwenye bidii.

Tumeutandaza kutoka lango hadi mlangoni na pande zote za nyumba, unene wa chapati mbili. Juu yake nimepanda waridi, na mstari wa miche ya avokado, ile aina ya kuuzwa ng'ambo. Ukitazama kutoka barabarani unaweza kuapa uko Kianjokoma, isipokuwa hakuna baridi wala majani chai wala mteremko.

Teresia alitoka na sufuria mkononi akasimama.

"Baba Gatwiri," akasema, "umelipaka shamba poda."

Akarudi ndani. Hakumwagilia waridi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua ya kwanza. Imenyesha alfajiri, kidogo tu, na udongo wangu mwekundu umetulia kama mkeka. Nilitoka kwa mlango wa nyuma kuutazama. Niliporudi mlango ulikataa kufunguka. Nikazunguka mbele. Wa mbele nao ulikataa. Teresia alikuwa ndani, akaniambia kwa dirisha kwamba hana haraka.

Oscar amekuja na randa, amekwangua milango yote mpaka ikafunguka. Akasema mlango haujakua, ni sakafu iliyoinuka. Nimemwambia akwangue tu, sikumwita kwa elimu. Sasa inafunguka kwa kidole.

Ijumaa, 24 Oktoba

Jua kali tangu Jumanne. Udongo umenywea na nyumba imeshuka tena, nadhani si mahali pale pale. Milango iliyokwanguliwa sasa ina mwanya chini. Kuku anaingia ukiwa umeifunga.

Ufa umejitokeza sebuleni, umeanzia kona ya dirisha na kupinda kama mto Rupingazi. Nimeufunika kwa kalenda ya kanisa. Baada ya chakula cha mchana ukawa umetokea chini ya kalenda. Nikatundika picha yetu ya harusi hapo. Teresia ameuliza kwa nini sisi wawili tumetundikwa usawa wa goti. Nikasema ndio mtindo siku hizi.

Njuki amepiga simu kuuliza nyumba inaendeleaje. Nimemwambia inaendelea. Ilikuwa kweli.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua yenyewe imefika. Tangu juzi haijapumzika.

Nimeflashi choo. Maji yakazunguka, yakasita, yakarudi juu. Nikaflashi tena ili yaelewe. Yakaja na mengine. Huko nje shimo limejaa pomoni, na kifuniko cha chemba kinaelea.

Nikaita lori la kunyonya vyoo. Halikufika chooni. Lilizama langoni hadi ekseli, na majirani wakalivuta kwa trekta huku wakinipa pole nisizoomba. Limeondoka tupu. Limeacha mitaro miwili mirefu, na ndani ya mitaro hiyo weusi wote unaonekana. Nimeifunika kwa udongo mwekundu uliosalia, nikapiga kwa mgongo wa jembe.

Avokado zimekuwa za manjano. Nimeng'oa mche mmoja: mizizi imeoza na inanuka kama githeri, mahindi na maharagwe, iliyolala tangu juzi. Teresia anasema mti hupumua pia kwa chini, na hapa maji yamekaa yakaziba pumzi. Panda nduma, akasema, gimbi haliogopi maji, tena mbali na lile shimo lako. Nikamwambia wakwe hawatoki Githongo kuja kutazama nduma.

Jioni Gatwiri amekuja, viatu mkononi. Hakuzungukazunguka safari hii.

"Baba, nakuomba. Twende kwa baba mkubwa. Wewe utawaona siku moja. Mimi nitaishi na hao watu."

Nilitaka kukubali. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine anayesoma: neno lilikuwa limefika mdomoni. Halafu nikaiona sura ya Njuki akinikaribisha kwenye ruracio ya binti yangu mwenyewe, akinionyesha mahali pa kukaa. Nikamwambia Gatwiri kwamba nyumba iko tayari. Aliosha vikombe vyote, hata visafi, akaenda.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mipango imekamilika. Choo cha ndani kimefungwa na ufunguo ninao mfukoni. Wageni watatumia choo cha shimo cha jirani, na Oscar ametandika mbao za kupitia. Yeyote akiuliza, choo cha ndani kinangojea vigae kutoka Nairobi.

Waridi zimelala chini. Nimezisimamisha kwa vijiti.

Jumamosi, 1 Novemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi hapakuwa na mvua. Wageni waliacha gari kwenye lami wakaja kwa miguu: Mzee Mutwiri mbele, mtu mrefu mwenye koti na fimbo, mke wake Kagwiria, Mwenda, na wazee wa kwao na kibunda cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Langoni Mutwiri aliinama, kama nilivyoambiwa. Akachukua udongo, akausugua.

"Mzuri huu," akasema. "Kama wa kwetu."

Nilimtazama Njuki, aliyekuwa ameteremka tangu alfajiri. Njuki alitazama mawingu.

Ningeomba siku iishie hapo. Lakini mkulima ni mkulima. Mutwiri alitoka njiani kwenda kuangalia avokado kwa karibu. Mguu wake wa kulia ukaingia hadi goti. Alipouvuta, ulitoka peke yake. Tukachimba kiatu kwa jembe. Kila jembe lilipoinuka, bonge lilikuwa jeusi kama masizi, na juu yake utando mwembamba mwekundu. Mutwiri aliliokota bonge hilo, akaligeuza.

"Nyamu," akaniambia, "huu udongo wako umevaa koti."

Nikasema asubuhi kuna baridi. Kiatu hakikupatikana.

Tukaingia. Tukaomba, tukanywa chai. Mvua ikaanza, ya kumwagwa kwa ndoo. Njuki, ambaye kwa umri ndiye msemaji wetu, alikuwa amesimama kufungua mazungumzo pale Mutwiri alipoomba mahali pa kunawa mguu. Nikamtaja jirani. Teresia akanitazama. Mkwe, mtu mzima, mguu mmoja bila kiatu, nimpitishe kwenye mbao na mvua ile? Nikatoa ufunguo. Nilimwomba tu asiflashi, nikamwambia habari ya vigae.

Akajifungia. Tukasikia akinawa. Tukamsikia akiflashi, kwa mazoea tu, simlaumu. Kisha tukasikia mlango ukivutwa.

Sakafu ilikuwa imeinuka tena. Yeye akavuta, sisi tukasukuma. Oscar alikuwepo kama mgeni, na sahani ya mukimo, bila randa.

"Kuna maji yanatoka," Mutwiri alisema kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa tulivu sana.

"Yanaelekea wapi, mzee?" nikauliza.

"Yanakuja kwangu."

Teresia akamwambia kuna ndoo pembeni, aigeuze apande juu yake. Akapanda. Dirisha la choo ni dogo na nililiwekea vyuma kwa sababu ya wezi, kwa hiyo tuliweza kuona uso wake tu. Mwenda na Oscar wakaenda kutafuta mtaimbo.

Wazee wa Githongo wakashauriana. Wakasema mambo yamekwisha kuombewa, na si vizuri ruracio iliyofunguliwa kwa maombi ivunjike kwa sababu ya mlango. Njuki alibeba kiti chake nje, akakiweka chini ya dirisha la choo, akafungua mwavuli. Wazee wa pande zote mbili wakamfuata na viti vyao.

Sijui kama ilikuwa huruma au ni nini, lakini Njuki hakurefusha. Alitaja mbuzi. Mutwiri akasema sawa. Akataja kondoo dume, asali, blanketi la mama. Sawa. Sawa. Sawa. Njuki akamuuliza kama angependa kwanza kujadiliana na watu wake kando, kama ilivyo desturi. Mutwiri akajibu kwamba watu wake wako nje na yeye yuko ndani, na kando hakuna.

Hapo nikamwona Gatwiri. Alikuwa amesimama kwenye ukumbi, uso ameufunika kwa mikono, mabega yanatetemeka. Nilijua analia, na moyo wangu ukafanya kitu ambacho sikukipenda. Nikamwendea nimwambie, sijui ningemwambia nini. Nilipofika karibu nikamwona Kagwiria amemshika mkono, na Kagwiria naye amejiziba mdomo kwa leso. Walikuwa wanacheka. Kagwiria alikuwa anamwambia kwamba tangu waoane hajawahi kumsikia mumewe akisema sawa mara tatu mfululizo. Teresia akajiunga nao. Wanawake hao watatu walishikana kama watu waliovuka mto pamoja.

Mtaimbo ulikuja. Waling'oa mlango pamoja na fremu, na ukuta kidogo. Mutwiri akatoka, suruali imekunjwa, kiatu chake kimoja mkononi. Akatusalimia kila mtu kwa zamu, kama aliyefika kutoka safari.

"Binti tumempata," akasema. "Chakula tutakula kwa Njuki."

Sufuria zikapakiwa kwenye pikapu, wote wakapanda Kianjokoma. Mimi nilibaki nyuma kidogo nikijaribu kufunga nyumba. Kisha nikawafuata.

Kule juu mvua ilikuwa inanyesha vile vile. Ardhi ilikuwa inainywa tu. Njuki alinionyesha mahali pa kukaa. Palikuwa karibu na moto, na aliniwekea pande la mbavu kabla sijaomba. Sikuweza kumchukia vizuri.

Jumatatu, 3 Novemba

Teresia amehamia kwa Njuki na kuku wote hadi mvua iishe. Kabla ya kuondoka alipanda nduma kwenye mashimo ya avokado. Mimi nimebaki kulinda nyumba isiyofungika.

Oscar amepita na ushauri. Mabomba ya kukusanya maji ya mabati, mifereji ya kuyapeleka mbali na ukuta, na choo kitolewe ndani, kijengwe juu ya tuta la maramu. Alieleza kwa subira. Nimemshukuru.

Nimelitafakari jambo lote kwa utulivu. Ukweli ni huu: hakuna ruracio iliyowahi kumalizika haraka hivyo katika ukoo wetu. Ya binti wa Njuki ilichukua mchana mzima, na wakabishana hadi juu ya sukari. Yetu, sawa, sawa, sawa. Nani alichagua uwanja? Sitasema. Nitaacha watu waseme wenyewe.

Jumamosi, 22 Novemba

Tumeenda Githongo kuwatembelea wakwe. Mapokezi mazuri. Mutwiri ana viatu vipya na hakutaja vya zamani. Gatwiri alikuwa jikoni na Kagwiria akipondaponda mukimo, wanaongea kama watu waliojuana tangu zamani. Hilo limenifurahisha kuliko nilivyotarajia, na nilienda nje kidogo.

Huko nje ndipo nilipoona ploti. Mteremko mtupu upande wa juu wa barabara ya lami, udongo mwekundu kabisa, mzuri, na unaona milima ya mbali na moshi wa kiwanda cha kahawa. Hakuna hata banda. Nikamuuliza Mutwiri kwa nini mahali kama pale hapajengwi. Akasema mwenyewe anapauza kwa bei ya kutupa na hapati mtu, kwa sababu mteremko ule hutembea. Mvua za Aprili mstari mzima wa kahawa uliteremka ukiwa wima, na sasa mwenye shamba huchuma kahawa yake kwa jirani.

Nikamuuliza unatembea kuelekea upande gani.

Akasema chini, upande wa barabara. Kisha akaniuliza kwa nini nauliza. Nikasema basi tu.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi Embu. Kila mtu anajua ploti ya kando ya lami haipatikani siku hizi, na ikipatikana huwezi kuigusa kwa bei. Watu wote wa Githongo wamekaa na hii machoni, hakuna aliyeketi akapiga hesabu. Unanunua kwa bei ya mlimani. Unajenga. Unangoja mvua.

Nimempigia Oscar simu aje Jumatatu na kamba ya kupimia. Nimemwonya mapema kwamba safari hii asichimbe msingi mrefu, usije ukaizuia nyumba kufika kwenye lami.